Nyumba Namba Saba

Redio ya Yahaya muuza kahawa ilikohoa, kisha ikatangaza: Operesheni ya kuhamia vijijini imeingia Upare, watu wa milimani washuke barabarani kabla ya Ijumaa. Sisi wa kijiwe cha Hedaru tukashusha vikombe.

"Operesheni ndo nini?" akauliza Tumainieli. Tunamwita Baragumu, maana ndiye mpuliza pembe ya msaragambo kule mlimani. Ikilia, kila mtu anatoka na jembe, kazi ya wote.

Mbaraka, karani mstaafu wa shamba la mkonge, aliisubiri siku hii tangu azaliwe. Jina lake hapa ni Kamusi. Akafuta miwani.

"Neno la Kizungu hilo, lina maana tatu. Daktari kukupasua. Jeshi kumvamia adui. Na mashine kufanya kazi, kama ile ya kukwangua mkonge."

"Kwa daktari unapewa nusukaputi," akadakia Swalehe, utingo wa lori. "Na sahihi unaweka!"

"Jeshini adui ana ruhusa ya kukimbia," nikachombeza.

"Na kwenye mashine?" akauliza Yahaya.

"Jani linaingia bichi, linatoka nyuzi," Kamusi akasema. "Haliulizwi kitu."

Tukacheka, Yahaya akamwaga kahawa. Baragumu hakucheka.

"Chekeni tu. Mimi nina mibuni, nina migomba, mama yangu kalala kaburini pale uani. Niko kwenye maana ipi?"

"Ndugu yangu, zote tatu," Kamusi akasema.

"Usikonde, bwana," Swalehe akasema. "Nyumba ziko tayari. Zile mlizojenga kwa msaragambo mwezi uliopita."

"Zile si za watu wa kule ziwani Jipe?" Baragumu akauliza.

"Nani kakwambia?"

"Tulijua hivyo! Hakuna aliyeuliza." Baragumu akasimama. "Swalehe, siku ile watu walikuwa wanawahi mnada. Nguzo tumechomeka kama mihogo. Nyasi tumerusharusha, tukasema watajijua wenyewe. Na masika ndiyo haya!"

Nilimhurumia, ila si sana. Siku ile nilipita pale nikamsikia akifoka, "Malizeni, kwani mtalala nyie humo?"

"Lori letu ndilo la kuwahamisha, orodha ya nyumba nimepewa nikaibandika mwenyewe ofisini," Swalehe akasema. "Wewe namba saba."

"Saba? Ile nimeezeka mimi, kwa mikono yangu!"

Kamusi akampigapiga begani.

"Afadhali wewe, fundi wako unamjua."