Njiwa Aliyeganda Usoni mwa Bibi

Jamani, leo sina uso. Naandika haya nikiwa kijijini Kitaya, nimekaa nyuma ya jiko la uani kwa Mjomba Saidi, juu ya gogo la kupasulia kuni, na sitoki hapa mpaka mgeni wa mwisho aage. Mkiona nimekosea herufi, mjue ni machozi. Na kidogo ni moshi.

Kwa wasionijua vizuri, mimi ni Zai, yule anayeshuti video za harusi pale Chikongola, Mtwara mjini. Mwaka huu nimenunua laptop mpya. Nyembamba, ukiitia kwenye mkoba unaweza kudhani umeisahau nyumbani. Lakini ina nguvu za ajabu, inafungua video nzito nzito bila kusita. Nimeringa nayo sana (nyie ni mashahidi, picha zake niliwatumia humu kwenye grupu mpaka mkaniambia basi). Ila vitu vyembamba vyenye nguvu vina ugonjwa mmoja. Vikipewa kazi nzito vinapata joto, joto linakosa pa kutokea, basi mashine inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Chumbani kwangu, feni ikizunguka juu, ugonjwa huo sijawahi kuuona. Leo nimeuona mbele ya ukoo mzima.

Leo ilikuwa arobaini ya Bibi, mama yake mama. Wengi mlinipa pole humu, Mungu awalipe. Bibi aliugua wakati wa masika, nami nikaja kumuuguza. Siku moja akaniambia nimrekodi, ana maneno ya kumwambia mwanawe Atija. Mama mdogo Atija ndiye kitindamimba wake. Aliolewa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, na huko kwao simu inashika siku inayotaka yenyewe. Basi nikamrekodi Bibi kwa simu yangu, ameketi barazani hapa kwa Mjomba, ndipo alipokuwa akiishi, kanga begani, kuku wanapita. Maneno hayakuwahi kufika ng'ambo.

Bibi akafariki mto Ruvuma umefura, hakuna mtumbwi unaothubutu kuvuka. Mama mdogo alisimama upande wa pili mchana kutwa akiangalia maji, huku sisi tunazika. Mto ulipopungua matanga yalishaanuliwa, akaona hata aibu kuja. Amekuja sasa kwa arobaini, na tangu afike hajalia. Anafagia, anatwanga, anachota maji, anaitikia salamu, halii. Wanawake wakaanza kunong'ona, maana mtu asiyemlilia mama yake anatisha. Mimi aliniomba kitu kimoja tu, asikie yale maneno. Nikamwambia, mama mdogo tulia, nimekuandalia kitu kizuri.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kuiacha ile video ilivyo nilishindwa. Nikaweka muziki laini. Nikaweka mawingu. Nikaweka maua ya waridi, Bibi anachomoza katikati yake (Bibi yangu, mkulima wa mihogo na mikorosho, waridi hakuwahi kulishika hata siku moja). Nikaweka njiwa weupe wanaopita polepole mbele ya uso wake. Halafu nikakata vyote nilivyoviona takataka, kikohozi, kuku, maneno ya pembeni. Jana jioni nikataka kuibadilisha iwe faili moja la kawaida, linaloweza kucheza hata kwenye simu. Laptop ikachemka, ikaanza kutambaa, ikachemka zaidi, nikaikatisha. Nikasema basi, nitaionyesha hivyo hivyo kutoka ndani ya programu ya kuhariria, ingawa humo mashine inalazimika kuchora mawingu na njiwa wote upya papo kwa papo. Wenzangu wa kazi hii, najua hapo mmeshika vichwa.

Leo hitima ikasomwa, pilau likaliwa, shehe akaaga (Mjomba alihakikisha ameaga kwanza). Nje jua lilikuwa kali, picha ya projekta yangu haionekani ukutani. Mjomba Saidi akaamua tuingie sebuleni, na Mjomba wa ukoo akiamua kimeisha. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi ili tupate giza. Watu wakajaa mikekani, wakajaa mlangoni, wengine wakabaki ukumbini wamechungulia tu. Bati juu linawaka. Jasho lilikuwa linanidondoka puani, nami najifuta kwa upole ili nionekane mtaalamu.

Nikaweka laptop mezani. Mama yangu akanishika mkono.

"Sauti ya marehemu haiwekwi juu ya meza tupu," akasema.

Akaenda chumbani, akarudi na kanga ya Bibi, ile ile aliyojitupia begani kwenye video. Akaikunja, akaikunja tena, akaitandika vizuri, akailaza laptop juu yake kama anamlaza mtoto. Sasa ndugu zangu, laptop hii inavutia hewa tumboni. Kila siku nawagombeza wateja wangu wasiweke laptop kitandani. Nilijua. Lakini nyie mngemwambia nini mtu aliyefiwa, ameshika kanga ya mama yake? Nikabonyeza.

Mwanzo, mashallah. Bibi akachomoza kwenye waridi. Watu wakaguna kwa pamoja. Mama mdogo alikuwa amekaa mbele kabisa, miguu ameikunja upande, mikono mapajani. Sauti ya Bibi ikatoka kwenye spika, "Atija mwanangu, nakusalimu." Mama mdogo akaitikia kwa sauti ndogo, "Shikamoo mama." Roho yangu ikajaa (ndiyo, nilijisifu moyoni, kwenye arobaini, Mungu anisamehe). Nikawaza kazi hii itasemwa mpaka Mtwara mjini.

Kisha feni za ndani ya laptop zikaanza. Kwanza zililia kama nyuki. Halafu kama mashine ya kusaga. Muziki ukasita, wingu likasita. Bibi akasema, "Mimi... mi... mi..." na mdomo ukabaki wazi. Macho yamefumba nusu. Na njiwa mmoja akagandia katikati ya paji la uso wake, mbawa amezitanua. Sauti ikawa inatoka kipande, kimya, kipande, kimya kirefu zaidi. Mimi nilikuwepo siku Bibi anaondoka. Zile pumzi zilikuwa hivi hivi, na wote waliokuwepo siku ile walizijua.

Bibi Somoe alichezwa unyago pamoja na marehemu, na siku hizi macho yake hayaoni vizuri. Akauliza katikati ya kimya kile, "Anakata roho tena?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanamke mmoja akaangua kilio. Mwingine akaanza kumsomea Bibi shahada, taratibu, sikioni mwa projekta. Mjomba akanigeukia akaniuliza kama mashine imefia hapo. Nikamwambia hapana Mjomba, haijafa, imepata joto tu, na ikipata joto inajipunguza nguvu mpaka ipoe.

"Kumbe ina homa," akasema Mjomba.

Neno hilo likatosha. Wanawake wa Kitaya ukiwatajia homa, huna haja ya kuwafundisha kazi. Mablanketi yakang'olewa madirishani. Huyu ana kanga, yule ana ungo, mwingine ana mfuniko wa sufuria, wote wanaipepea laptop. Akaja mama mmoja na kitambaa kimeloweshwa maji ya mtungini, anataka kuikanda. Hapo nilipiga yowe mimi. Bibi Somoe akaagiza mgonjwa ainuliwe kichwa apate kupumua, maana ndivyo alivyokuwa akimfanyia mwenzake siku zile. Nikaitoa kanga chini, nikaegemeza laptop juu ya vikombe viwili vya chai. Nikasimama pembeni yake kama mjukuu anayeuguza hospitalini, fundi mzima wa Chikongola, nasubiri mgonjwa apate nafuu.

Ikapoa kidogo, mablanketi yakarudishwa madirishani. Nikabonyeza tena. Wingu, waridi, "Mimi... mi..." Njiwa akarudi pale pale kwenye paji la uso, akaganda. Nikabonyeza tena, na tena. Nilikuwa namwona Mama mdogo kwa pembe ya jicho, amekaa vile vile, anamtazama mama yake amekwama na neno mdomoni. Alivuka mto kwa ajili ya neno hilo.

Akanyanyuka, akaja mpaka mezani. Kiswahili chake kimeingiwa na Kimakonde cha ng'ambo, na anaongea taratibu. Akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, mimi sitaki njiwa," akasema. "Nipe mama yangu alivyokuwa."

Nikafunga programu yote. Nikaitafuta ile video ya kwanza, ilivyotoka kwenye simu, haijaguswa. Nikaifungua. Ikacheza bila kukwama hata mara moja, feni kimya kabisa. Video nyepesi kiasi kile, hata kisimu cha mama yangu chenye kioo kilichopasuka kingeicheza.

Bibi huyo, barazani kwake. Jua la kawaida, hakuna wingu. Anakohoa. Kuku wanapita. Inasikika sauti yangu mimi, ya madaha, inamwambia Bibi tabasamu kidogo basi. Bibi akaniangalia kwanza.

"Nitabasamu kwa meno gani, mke mwenzangu?"

Sebule ikacheka. Watu wakacheka huku wanafuta machozi, na Mjomba Saidi akageukia ukutani, mabega yanamcheza, sijui alikuwa anacheka au analia.

Halafu jogoo akawika. Jogoo wa hapa hapa kwa Mjomba, aliwika juu ya maneno ya Bibi kabisa. Bibi akavua kandambili akamrushia, akamkosa. Akaendelea kusema huku bado anahema, wala haitazami tena simu, anatazama upande wa mto.

"Atija, mto ukijaa usivuke. Unanisikia? Usije ukawatia watu msiba juu ya msiba. Watanizika waliopo. Maji yakipungua ndiyo uje, ule wali wangu wa arobaini. Mimi sina kinyongo na wewe."

Mama mdogo akakaa chini pale pale kwenye sakafu. Akaivuta ile kanga ya Bibi, akajifunika uso, akalia. Kilikuwa kilio cha tangu masika. Mama yangu akamkumbatia, wanawake wakawazunguka, hakuna aliyemwambia nyamaza. Mimi nililia kwa sababu yangu mwenyewe, ambayo mama aliifikia punde tu, akiniangalia juu ya bega la mdogo wake.

"Zai, maneno haya kwenye ile ya njiwa yangekuja saa ngapi?"

Nikasema hayakuwemo.

"Kwa nini?"

"Niliyakata."

"Ulikata maneno ya mama yangu?"

"Nilikata jogoo, mama."

Ndiyo sentensi niliyoitamka mbele ya ukoo mzima, siku ya arobaini, kwa mdomo wangu. Nilikata jogoo. Alikuwa ananiharibia muziki. Kipande kile nilikisikiliza kutafuta kelele tu, nikazipata kelele, nikatupa na Bibi humo humo. Kama laptop isingechemka, Mama mdogo angetazama maua yangu mpaka mwisho, angenishukuru kwa adabu, angevuka kurudi kwake na mzigo ule ule kifuani. Mimi ningerudi Chikongola nikijisifu. Nikiwaza hilo natamani kuzikwa na hii laptop.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo linaloniuma. Mama mdogo amenifuata mpaka huku jikoni, macho mekundu, akaniletea sahani ya wali. Akasema kula mwanangu, mama alisema tule. Nimemtilia video kwenye simu yake, nzima nzima, na kikohozi chake. Sasa hivi yuko barazani, amekaa pale alipokuwa anakaa Bibi, anarudiarudia pale pa kandambili. Namsikia anacheka peke yake, kisha ananyamaza, kisha anaanza upya.

Na jogoo mwenyewe yuko hapa mbele yangu, anadonoa wali ulionidondoka, hana habari na mtu. Naombeni msinicheke, msiba haujaisha. Na nyie wenye harusi mwezi ujao, neno langu ni hili: jogoo akiwika, namwacha awike.