Kiti Changu cha Dhumna na Ukungu wa Jicho la Kulia

Jumatatu, 6 Mei
Jicho la kulia limezidi ukungu. La kushoto linasaidia kwa uvivu. Balbu ya barazani imeota ndevu za mwanga. Jana nilibamiza kete ya nne mezani kwa mbwembwe, kumbe tano. Nikasingizia pombe ya romu. Jumamosi ni fainali ya dhumna ya mtaa, na jirani yangu Bienvenido anakimezea mate kiti changu tangu Pasaka. Akijua sioni, nimekwisha. Mpango: kuhesabu nukta za kete kwa kidole gumba.

Jumanne, 7 Mei
Gumba limefeli. Miaka thelathini ya kukata miwa, ngozi kama kwato. Mwenzangu wa meza, Nicanor, aliendelea na kete zake. Mke wangu Mireya kasema sana: kesho kliniki, madaktari wa macho wamekuja, la sivyo nitajipikia maharage. Mpango mpya: shemeji anafagia pale. Kaniletea herufi zote za ubao wa kupimia. Nimezikariri.

Jumatano, 8 Mei
Daktari, binti mpole, akaniziba la kushoto. Nikataja herufi zote bila kukwama! Akaisifu kumbukumbu yangu. Kisha akasema, "Sasa mzee wangu, geuka. Ubao uko nyuma yako."
Nilikuwa nimeisomea kalenda ya kiwanda cha sukari.
Ni mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani imefifia kama kioo cha bafuni. Ataitoa aweke nyingine. Nikichelewa, ukungu utakuwa ukuta. Nikauliza kuhusu dhumna. Ruksa, ila nisisugue jicho wala kuinua gunia.

Alhamisi, 9 Mei
Nimepasuliwa. Sikuumia. Mtaani nimetangaza kwamba mbuzi kanipiga pembe. Bienvenido kaleta supu, akauliza mbuzi wa nani. Mtaa wetu hauna mbuzi.

Ijumaa, 10 Mei
Kitambaa cha jichoni kimetoka. Jamani, rangi! Ukuta wetu wa kijivu kumbe ni wa samawati. Mireya ana kidoa juu ya mdomo, nilishakisahau. Nilimtazama mpaka akauliza nimevunja nini.

Jumamosi, 11 Mei
Tumeshinda! Na nimeona jambo: Nicanor anapapasa kete kwa gumba. Nikambana. Akakiri: miaka miwili sasa haoni vizuri, macho yote mawili.
"Nilijua ungemchukua Bienvenido akalie kiti changu," akasema.
Nimemkaripia vikali. Mtu mzima kuficha ugonjwa kwa ajili ya kiti! Jumatatu nampeleka kliniki mwenyewe.
Daktari anadai la kushoto nalo limeanza, nami nipimwe siku hiyohiyo. Upuuzi. Shemeji ameshaahidi herufi mpya. Safari hii nimemwagiza anichoree pia ubao uko ukuta upi.