Sanamu ya Mwisho ya Mama Mkwe

Jumamosi, 6 Julai

Tumefika bondeni kwa mama mkwe. Gari linaishia juu ya kilima, huku chini ni miguu na dua. Sanduku nimelibeba mimi, ushauri ameubeba mke wangu.

Mama mkwe hakufundishwa sanaa na mtu. Alianza na saruji iliyobaki walipojenga choo, akaendelea. Sasa mteremko mzima umejaa watu wa saruji, wa nyaya, chupa na vigae vilivyovunjika. Kila Jumamosi wageni wanashuka na simu zao kupiga picha.

Ukoo wote upo hapo, kwa saruji. Mke wangu yupo, akiwa msichana mwenye ndoo. Dada yake yupo. Mbwa yupo. Mwanyumba wangu, yaani mume wa huyo dada, ambaye sote tunamwita Dereva, yupo na usukani wa kweli wa lori mikononi, kifua mbele. Hata mbuzi wa jirani yupo!

Mimi sipo. Miaka yote hii ya ndoa, sipo. Leo mgeni mmoja ameniuliza kama mimi ni mpagazi. Imeniuma sana.

Jioni mama mkwe ametuambia vidole vyake vimekakamaa. Umebaki mfuko mmoja wa saruji, atafanya sanamu moja, basi, anapumzika. Mke wangu akamwomba iwe ya marehemu baba yao. Mama akasema amejaribu kumfanya mara nyingi, na kila mara anatokea mtu mwingine. Akaenda kulala bila kuamua.

Kumbe nafasi iko wazi!

Jumapili, 7 Julai

Mke wangu anasema mama humfanyia sanamu mtu aliyemkaa machoni. Vizuri. Nimeamka na kwenda kumkaa machoni.

Alipokaa kusuka nyaya, nilipanda jiwe mbele yake. Mkono shavuni, macho mbali, kama mtu anayewaza mambo mazito. Jua likanichapa. Mama akaniangalia kwa muda mrefu. Nikainua kidevu kidogo.

Akaniuliza kwa upole ni jino la juu au la chini.

Mkwe habishiwi. Nikasema la chini. Akaniletea karafuu, akasimama pale mpaka nikaiuma. Nimeuma karafuu mchana kutwa kwa jino lisilo na kosa lolote. Ulimi umekufa ganzi. Mke wangu ananitazama tu na kutikisa kichwa.

Jumatatu, 8 Julai

Dereva amefika. Eti amekuja kumsaidia mama. Kumsaidia! Anataka sanamu ya pili, safari hii pamoja na lori.

Alishika chekeche akaanza kuchekecha mchanga, huku akipiga mluzi. Nami sikukubali. Nikateremka kijitoni na ndoo, nikapanda nayo nikihema. Mama akautia mchanga wangu kiganjani, akausugua, akashukuru. Akasema una udongo mwingi, utafaa kupandia maua. Dereva akaacha mluzi ili acheke vizuri.

Lakini nimeokota jambo. Mama alikuwa akimweleza mke wangu kwa nini hampati baba. Yeye huanza na miguu siku zote. Mtu ukishapata anavyokanyaga, kilichobaki kinajileta chenyewe. Ila kila anapoanza miguu ya marehemu, inatoka ya askari wa gwaride. Aliposema hivyo akaziweka nyaya chini. Mke wangu akamshika bega. Nami nilimwonea huruma, kweli kabisa.

Kisha akili ikanichemka. Anaanza na miguu! Akiikuta miguu imeshaanza, na miguu ni yangu, atafanyaje? Si lazima amalizie?

Jumanne, 9 Julai

Naandika nikiwa nimelala, miguu juu ya mto.

Asubuhi mama na mke wangu walipanda kwenda zahanati kuangaliwa vile vidole. Nikakoroga nusu ya ule mfuko. Nikamimina kwenye fremu ya mbao, nikavaa mifuko ya nailoni miguuni, maana mimi si mjinga, nikaingia mpaka vifundoni. Nia ilikuwa kuacha alama na kutoka.

Akatokea Dereva.

Ningetoka, angeniona natoka. Nikabaki nimesimama kama mtu anayepunga upepo. Akakaa kwenye jiwe, akaanza kunisimulia habari za matairi. Ya mbele, ya nyuma, ya akiba. Saa zikapita, jua likawa kali. Nikaitikia, nikaitikia. Aliponiaga na kusema anakwenda kuoga, nikajaribu kuinua mguu. Haukuinuka. Wa pili nao ukakataa. Nikamwona Dereva kule chini akicheka mpaka ameshika mti.

Ndivyo mama mkwe alivyonikuta.

Mke wangu aliona mfuko uliofunguliwa, akaanza kulia. Akasema ile saruji ilikuwa ya baba. Ya baba yake, na mimi nimeikanyaga. Nilitamani ardhi inimeze, na nusu ilikuwa imeshanimeza. Magoti yakalegea, shingo ikalala upande, mikono ikajitandaza. Nikamwomba mama radhi. Nikasema nilitaka tu niwepo na mimi.

Mama akanizunguka polepole. Akainama, akaangalia miguu, akapanda mpaka magoti.

"Usisogee," akasema.

Nikasema hata nikitaka siwezi.

"Hivi ndivyo alivyosimama baba yenu siku aliyouza mlango wa nyumba." Akaketi chini palepale. "Magoti hivi. Mikono hivi. Mimi miaka yote namsimamisha wima. Mbele yangu hajawahi kusimama wima hata siku moja."

Mke wangu akanitazama. Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Mama," akasema, "ni baba kabisa."

Hawakunitoa mpaka mama alipokunja nyaya zote kwa kunipima, akisahau vidole vyake. Mke wangu akamkumbusha kuwa imebaki nusu mfuko. Mama akasema itatosha, marehemu alikuwa mwembamba. Kisha Dereva akanikumbatia kwapani akaning'oa. Mifuko ya nailoni imebaki ndani.

Jumamosi, 13 Julai

Imekwisha! Marehemu anasimama juu ya nyayo zangu, magoti yamelegea, mikono inaomba radhi. Leo asubuhi mama mkwe alikaa mbele yake muda mrefu, akimsema kwa sauti ndogo habari za ule mlango. Mke wangu ameniandalia maji ya moto ya miguu bila kuombwa. Ameniambia nimefanya jambo kubwa bila kukusudia, nami niridhike hapo.

Nimemwambia nimeridhika.

Wageni walipofika nikasimama kando ya sanamu, magoti vilevile, mikono vilevile, nikiwaachia wenyewe wagundue. Wakatazama huku, wakatazama kule. Mama mmoja akakaribia kugundua. Lakini sanamu ina masharubu, na mimi sina. Akasema pole, akapita.

Nimeanza kuyafuga leo.