Wiki Bila Simu, Ng'ombe Akikaribia Kuzaa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Phyllis ameenda Sigor kumuuguza dada yake. Kazi ameniachia moja tu: nimwangalie Zawadi, ng'ombe wake, ambaye atazaa wiki hii. Ndama wa mwaka jana alikufa nikiwa hapo hapo zizini, macho kwa simu. Mke wangu hajasahau. Amesema, "Kimeli, ukipoteza na huyu, usinitafute."
Nimeamua. Wiki nzima bila simu! Akili yote iwe hapa. Jirani yangu Owiti, fundi wa mitambo kiwandani, aliacha simu mwezi jana, na mchungaji akamsifu mbele ya kanisa zima. Nitamshinda.

Jumanne, 4 Machi
Simu nimempelekea mama mkwe. Akili hiyo! Nani atathubutu kumdai mama mkwe kabla ya Jumapili? Ameuliza kama inaonyesha mieleka.
Saa nne: nimekaa, nimepumua polepole. Saa nne na dakika tatu: nimemaliza. Sasa? Nimesoma gunia la mbolea, pande zote mbili. Mfuko wa suruali umetetemeka kama simu inaita. Mfuko mtupu!

Alhamisi, 6 Machi
Nimechuma chai nusu mstari, nikaacha. Nikaanza mwingine. Nikaacha. Nimemkagua Zawadi mara kumi na moja, mpaka akanipiga teke.
Halafu, kupitia ua wa michongoma, nimemwona Owiti ameinamisha kichwa, anatazama mapajani. Simu! Mke wake, Dorine, ameniambia mzee anachambua maharagwe. Maharagwe! Mnafiki mkubwa.

Ijumaa, 7 Machi
Zawadi alianza kulala na kuinuka asubuhi. Nikamwambia anisubiri kidogo, nikapanda juu ya tangi la maji nimkamate Owiti na simu yake. Kwake hakuna mtu. Kuku tu. Amejificha ndani! Nikasogea ukingoni. Nyuma yangu Zawadi akaguna. Nikajiambia bado kidogo.
Mara sauti: "Kimeli! Leta kamba! Kichwa kimekwama!"
Sauti ya Owiti. Kutoka zizini kwangu! Alikuwa amemsikia ng'ombe, naye akapenya ua, shati limeraruliwa na miiba. Nilishuka kwa kuanguka. Fundo likanishinda, akafunga yeye. Tukavuta. Ndama akadondoka kimya. Hapumui. Owiti akamsugua kwa nyasi, akamchokoa pua. Mimi nikaomba Mungu kwa sauti, bila aibu.
Ndama akapiga chafya! Nimelia mbele ya Owiti. Akauliza nilikuwa wapi. Nimesema nilikuwa nakagua tangi.

Jumapili, 9 Machi
Phyllis amerudi, akauliza nani amemzalisha Zawadi. Dorine akawahi kujibu. Sasa ndama anaitwa Owiti. Ni jike, lakini Phyllis hataki kusikia.
Owiti mwenyewe, mtu mwema, amenialika kila jioni tukae kwake kibarazani, kimya, tusifanye lolote, nijifunze kutulia. Nimekubali mara moja. Nitakaa upande wa kulia. Kutoka hapo mfuko wa shati lake unaonekana vizuri.