Robota la Kushoto na Robota la Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kafungua robota lake la mitumba leo. Magauni! Hata lebo za dukani hazijatolewa. Nikamuuliza kwa upole alilichaguaje. Eti alifumba macho akanyoosha kidole. Kidole! Mimi nafikiri wiki nzima, napata soksi za mguu mmoja mmoja. Kwa wivu sahani nimeirudisha jikoni bila kula. Na mke wangu, dada yake, kashasema: robota langu lijalo likiwa matambara tena, kibanda chetu anapewa mdogo wake, na mimi nitampigia debe. Nimpigie debe mtu asiyefikiri!

Jumanne, 4 Machi

Stoo. Yamebaki marobota mawili, yote yameandikwa blauzi. Sheria ya biashara hii inajulikana: hukati kamba mpaka umelipa. Nimeyanusa. Nimeyakandamiza kwa goti. La kushoto gumu, la kulia laini. Gumu maana yake kitambaa kizito cha maana. Au magunia. Laini maana yake hariri. Au fulana zilizochoka. Mwenye stoo kaniuliza kama nanunua au naposa. Nimerudi nyumbani kufikiri.

Jumatano, 5 Machi

Nafikiri. Fundi cherehani wa jirani anasema gumu. Mkewe anasema laini. Nimepanga hoja za kila upande, zikalingana. Nikaongeza hoja. Zikalingana zaidi! Mke wangu kauliza, kama ndani ya robota hakuonekani, nafikiria nini hasa? Swali la kijinga. Limeninyima raha mchana kutwa. Baadaye nikamsikia jikoni akicheka na mdogo wake. Mimi hajanichekea hivyo tangu harusi.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu! Nimempeleka shemeji stoo, nikajifanya natania, nikamuuliza angekuwa yeye angechukua lipi. Kafumba macho, kidole kikaenda kushoto. Nikatoa pochi. Nikasita. Je, kama ananitega? Na bahati si huisha? Yake kaimaliza kwenye magauni. Nikanunua la kulia! Akasema basi yeye atachukua la kushoto, lisibaki pweke. Maskini, nimemwonea huruma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekata kamba mbele ya mke wangu, mama mkwe na nusu ya soko. Makoti. Ya manyoya! Kwa joto hili! Mama mkwe kaangalia pembeni. Nilitamani kuingia humo robotani nifungwe.

Kisha shemeji akakata lake. Makoti! Yale yale! Nilifurahi kupita kiasi, nusura nimkumbatie mama mkwe. Shemeji akacheka tu, akavaa moja, akapanda juu ya meza akaanza kunadi huku jasho linamtiririka. Watu wakajaa kumshangaa kichaa. Mmoja wao msimamizi wa kiwanda cha barafu. Kanunua makoti yote ya shemeji kwa ajili ya watu wake wa chumba cha baridi, kisha akanigeukia, eti hayatoshi, na mimi nauza? Nimemwambia anipe muda nifikirie bei.

Jumamosi, 8 Machi

Bei nimeipata, nzuri sana. Nimekwenda nayo kiwandani mbio mbio. Msimamizi kasema jana hiyo hiyo alipata makoti kwingine.

Mke wangu hakugomba. Alitoa ufunguo wa kibanda kwenye msumari, akampa mdogo wake. Bora angegomba.

Jumatatu, 10 Machi

Siku yangu ya kwanza ya kupiga debe. Sauti imekauka. Kinachoniuma ni kwamba shemeji hana hata kinyongo. Marobota mapya yameingia, kanituma nikamchagulie moja, lolote lile, nisikawie.

Anadhani mimi mjinga. Nimemchunguza, siri yake sasa ninayo: kumbe mambo yote ni kidole! Nimemwomba mwenye stoo anipe mpaka Alhamisi. Kufumba macho naweza. Ninachopima bado ni kidole kipi. Cha shahada kina hoja nzuri. Lakini na cha kati nacho.