Motaboti Haijafika Matangani

Iyula, Mbozi
Juni 1953

Kwa Bwana Msimamizi wa Motaboti,
Ziwa Rukwa

Bwana Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Marita, mjane wa Fundi Efraimu, yule uliyempa mashine ya umeme ya kuvutia nanga ya motaboti yako kuukuu aibadilishe nyaya. Aliileta nyumbani kwa lori, akaifungua juu ya meza yetu, na tangu hapo tukawa tunakula sakafuni. Nyaya za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu. Alizing'oa zote, akaanza kuunga mpya, homa ikamwahi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukutuma pole. Tarishi wako Hezron alifika tukiwa bado hatujanyoa nywele za msiba, akasimama mlangoni na kofia kichwani, akasema Bwana anataka mashine yake. Mama mkwe wangu, Loisi, akamwuliza, "We mwanangu, hapa umeona msiba au umeona gereji?" Hezron akajibu, "Mama, mimi nimetumwa mashine. Pole sikutumwa." Nashukuru kwamba ni mkweli.

2. Barua uliyotuma baadaye ilisema motaboti ilikuwa "chini ya uangalizi wa Fundi Efraimu". Tuliisoma mbele ya ukoo. Shemeji yangu Osea, mzee wa kanisa, akatamka kwamba aliye chini ya uangalizi wa mtu ni mtoto wake. Watoto wote wa marehemu wamekuja kukaa mkekani, hata yule wa migodini Kitwe, aliyevuka mpaka pale Tunduma kwa miguu. Motaboti peke yake haijaonekana. Kwetu majivu ya moto wa msiba hayatolewi mtoto mmoja akikosekana, na sasa yamejaa hata kuku wanaoga humo.

3. Najua utasema Iyula hakuna ziwa. Bwana, marehemu aliifuata huko ziwani mara nyingi, wala hakuwa samaki.

4. Kwa kuwa nanga haina mashine, nasikia motaboti imefungwa kamba kwenye mti kama mbuzi. Basi ifunguliwe, ipakiwe kwenye lori, ije kwa njia ya Chitete. Tumeshavuna mahindi ya kando ya kahawa ili ipate pa kukaa, na wanawake wameunganisha mikeka. Kwa kuwa haina nywele, Osea ataikwangua rangi kidogo kule mbele. Hatapata shida, maana marehemu alisema inabanduka yenyewe.

5. Mpaka hapo mashine haitoki mezani, wala fundi mwingine asiiguse. Kila waya Efraimu aliufunga uzi aliouchomoa kwenye sweta yangu, ili ajue wa kupandisha nanga ni upi na wa kuteremsha ni upi. Aliimba nyimbo za kanisa huku skrubu zimo mdomoni, maneno yakitoka nusu nusu. Nilimwuliza mashine inaumwa nini. Akasema, "Ina tabia ya kaka Osea. Ukiiambia panda, inashuka." Sitaki mtu aje kuzikata nyuzi zile, azitupe, kisha aseme kazi imekwisha.

Kama motaboti ina udhuru, nitapokea barua yake yenyewe.

Wasalimie mabaharia wote na mpishi. Hezron naye msalimie, umwambie ile kofia haimpendezi. Motaboti uipe pole yangu, maana nayo imefiwa.

Ni mimi, katika majonzi na adabu,
Marita, mjane wa Efraimu

Nyongeza: Usiipakie motaboti. Kabla wino haujakauka amefika fundi wako Watson kuichukua mashine, nami nilikuwa nimeshika mwiko. Akavua viatu, akaipita meza bila kuitazama, akaketi mkekani akalia mpaka Loisi akamwambia, "Basi baba, utatumalizia machozi." Kumbe Efraimu ndiye aliyemfundisha kazi. Ukoo umekubali kuwa mtoto aliyekosekana ni huyu, na kesho majivu yanatoka. Mashine nimempa kwa mikono yangu mwenyewe, amalizie kuanzia pale mwalimu wake alipofikia. Barua hii anakuletea yeye. Nimemwomba asiisome. Ameahidi, lakini amesimama nyuma ya bega langu na anacheka.