Kome kwa Mzee Vehbi

Jumanne, 8 Oktoba
Habari kubwa! Müzeyyen amekubali kuolewa nami! Yaani, amekubali ikiwa baba yake atakubali, na hilo ni jambo dogo tu. Mzee Vehbi anakuja Istanbul kutoka kwao Konya. Jumamosi atanitazama mimi. Jumapili atamtazama kinyozi Rıfkı, ambaye naye kaposa. Maskini Rıfkı! Leo nimemkuta akimuuliza Müzeyyen baba yake anapenda kula nini. Mwanamume mzima, anauliza! Mimi siulizi. Mimi nitamshtukiza mzee kwa kome wa kukaanga na mchuzi wa kokwa za jozi. Nani amewahi kukataa kome wa mtaa wetu wa Samatya?
Tatizo moja dogo. Sijui kupika.

Jumatano, 9 Oktoba
Bingwa wa kome hapa mtaani ni jirani yangu, Madam Takuhi. Kumwomba anifundishe? Ningejishusha bure. Nikajitolea kumfungulia maganda ya kome wake, huku jicho langu liko kwenye kinu chake cha mchuzi. Mpango safi! Kome wa kwanza akanikata kidole gumba. Wa pili akanikata cha shahada. Nilipomaliza kulalamika, mchuzi ulikuwa tayari na sikuwa nimeona chochote.
Madam Takuhi akanifunga vidole kwa kitambaa. Akasema, wewe Nevzat, si ungesema tu unataka kujifunza, mwanangu? Nikakana katakata. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanifundisha hivyo hivyo.

Ijumaa, 11 Oktoba
Najua kila kitu! Mkate wa jana unalowekwa, unakamuliwa. Jozi zinapondwa na kitunguu saumu na chumvi mpaka zitoe mafuta. Siki kidogo, mafuta ya zeituni. Kome saba kwa kila kijiti, wagaagae kwenye unga, wachovywe kwenye uji wa unga na bia, halafu ndani ya mafuta ya moto.
Hapo kwenye bia nikashtuka. Mzee amehiji! Nikatia maji ya soda badala yake. Nani mwingine angefikiria hilo? Rıfkı? Thubutu!
Nimejaribu vijiti vinane. Sita vimeungua. Viwili, jamani, viwili vilikuwa utamu mtupu!

Jumamosi, 12 Oktoba
Mzee kaja na kofia yake na tasbihi yake. Nikaleta sinia. Kome rangi ya dhahabu, bado wanachachatika! Akauliza ni samaki gani huyu. Nikamjibu kwa fahari kwamba ni kome. Müzeyyen akafumba macho.
Mzee akasema taratibu, "Mwanangu, sisi wa madhehebu ya Hanafi cha baharini tunakula samaki tu. Ninyi wa mjini mnakula na haya, shauri yenu."
Nikaona nimtulize. Nikamwapia kwamba hamna hata tone la bia humo. Akauliza bia imeingiaje kwenye mazungumzo. Nikamsogezea haraka mkate na bakuli la mchuzi.
Lakini mchuzi! Akachovya mkate mara moja. Mara mbili. Akafuta bakuli! Nilitaka kulia kwa furaha.

Jumapili, 13 Oktoba
Rıfkı kampikia mzee supu ya bamia. Bamia, eti kwa sababu kwao Konya wanaipenda! Hana ubunifu hata chembe. Mzee kanywa mabakuli matatu, bila shaka kwa adabu.
Jioni Müzeyyen akaja, macho mekundu. Kamlilia baba yake. Kamwambia anayempenda ni mimi, pamoja na vituko vyangu vyote. Mzee amelainika: atakula kwangu mara moja tu, Jumatano, kabla ya kupanda gari la kurudi Konya. Nikiharibu, ni Rıfkı. Akanishika mkono wenye bandeji. Akasema, "Nevzat wangu, safari hii tafadhali fikiri."
Ananipenda! Nikaahidi kufikiri, na nimefikiri saa mbili nzima. Jibu nimelipata. Mzee ni mtu wa bara, kilichomchukiza ni maganda. Niliyaondoa, lakini bila shaka aliyahisi.
Sihitaji kumuuliza mtu. Nimeshaagiza kilo tatu za ngisi. Ngisi hana ganda hata kidogo!